Ufa Chini ya Rangi

"Usikate simu, tafadhali. Nimeuona ufa."

Mhandisi alikaa wima kwenye kiti chake ofisini. Sauti ile hakuwa ameisikia kwa miezi minne. Ilikuwa ya fundi rangi, aliyewahi kuwa mchumba wake.

"Ufa gani?"

"Wa darajani. Nakwangua rangi ya zamani kwenye tao la kushoto, ili likaguliwe upya. Uko palepale uliposema."

Lilikuwa daraja la chuma cha kusubu, kile cha kumiminwa kwenye kalibu, la enzi za mababu, lililovuka mfereji wa zamani ulioleta maji ya kunywa mjini. Mtaa mzima ulilionea fahari. Ripoti ya mhandisi kuhusu ufa ilipolifunga, mama yake fundi, mwenye saluni ng'ambo ya mfereji, alipoteza nusu ya wateja. Ndipo fundi aliposimama kwenye mkutano wa mtaa akamwambia mchumba wake, "Huo ufa umeuota wewe." Watu walicheka mpaka machozi. Kesho yake pete ikarudi ndani ya bahasha.

"Upana wake?" aliuliza mhandisi kikazi.

"Ukucha unaingia."

"Shuka hapo sasa hivi."

"Kwani vipi?"

"Lisije likaporomoka nawe, bwege wewe."

Fundi alishuka huku akitabasamu peke yake.

Haikupita nusu saa mhandisi akafika, kofia ngumu kichwani, tochi mkononi. Aliukagua ufa, akaupiga picha, akazima tochi.

"Nisamehe," fundi alisema. "Niliona uchungu wa mama, nikakuvunjia heshima."

"Ulinicheka mbele ya watu. Leo unaniomba radhi mbele ya mfereji."

Fundi alitoa simu, akaandika kwenye kundi la mtaa:

*Ufa upo, nimeushika kwa mkono wangu. Nilimkejeli mhandisi na nilikosea. Bado nampenda. Nataka mjue yote mawili.*

Simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Kisha ikaita. Ni mama.

"Nawaona kutoka huku saluni. Weka sauti ya juu, mkwe wangu asikie."

"Mama, bado hajanikubali."

"Nyamaza. Unajua nani anazunguka njia ya mbali kila Jumamosi kuja kusukwa kwangu, tangu daraja lifungwe? Na analeta wenzake watatu wa ofisini."

Fundi alimgeukia mhandisi. "Wewe?"

"Nilimwomba asikwambie," mhandisi alisema, akitazama maji.

"Nimebana ulimi miezi minne," mama alisema. "Nimechoka. Malizaneni, nina mteja kwenye kiti." Akakata.

"Kwa nini hukuniambia?" fundi aliuliza taratibu.

"Niligombana na wewe. Na mama sikugombana."

Fundi alifuta vumbi la kutu mkononi, akaunyoosha. Mhandisi akaupokea.

Ukarabati ulichukua miezi mitano. Siku ya kufungua daraja, wa kwanza kuvuka walikuwa maharusi, mama akiongoza vigelegele. Katikati ya daraja bibi harusi alisimama, akainama kwenye kingo.

"Unatafuta nini, mke wangu?"

"Pale umeruka. Hapajashika rangi."

"Leo pia?"

"Utaparudia Jumatatu."

"Jumatatu niko fungate."

"Hata mimi," alisema, akimshika mkono. "Basi Jumatatu ya pili."