Askari wa Malkia Nyumbani kwa Jalila

Kwanza ilikuwa kete moja tu. Jalila wa Magogoni, aliyekuwa edani kwa kufiwa na mumewe Badi, alimaliza kuswali adhuhuri akakuta kwenye ubao wa sataranji askari wa malkia mweupe, yule asimamaye mbele yake, kasogea hatua mbili. Badi, Mungu amrehemu, hakuwahi kuanza mchezo kwa njia nyingine.

Hakushtuka. Tangu mazishi moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Akamsukuma askari wake mweusi, wakakabiliana.

Ndipo vumba la samaki likajaa chumbani. Na Badi hata papa hakula!

"Dada, umemjibu?" nduguye Sumeya akanong'ona. "Hodi ya asiyeonekana haijibiwi, wallahi! Tena uko edani!"

"Nilidhani ni mwenyewe."

"Mwenyewe si tumemzika?"

Majirani, ambao pua zao hazina pazia, wakasema mjane kapata mgeni.

Akaitwa Mwalimu Mahfudh, akasoma Kurani nyuma ya pazia hata sauti ikakauka. "Umemkaribisha kwa mkono wako, mwanangu. Maliza mchezo. Ukishinda, atatoka. Akishinda, mtatoka wote wawili."

Wakacheza mchana kwa mchana, kete nyeupe zikisogea kila Jalila akigeuza uso, maji ya chumvi yakichuruzika chini ya meza, pumzi baridi ikimpuliza shingoni kila alipokaribia kukosea, malkia wakaliwa, farasi wakaliwa, askari wakaliwa mmoja mmoja, hata wakabaki wafalme wawili peke yao, na mfalme hamli mfalme mwenzake.

"Sare," ikasema sauti ya Badi, ndani kabisa ya sikio. "Hatoki mtu."

Jalila akangoja kuogopa. Hofu haikuja.

"Sare sikuisoma popote," akasema Mwalimu, akatafuta viatu vyake.

Siku ya kutoka eda Sumeya akaja na leso mpya na asumini. "Twende, dada. Watu wakungoja nje."

Jalila akafika kizingitini. Mguu ukakataa kuvuka. Akageuka: kete zimepangwa upya, na safari hii nyeupe ziko upande wake.

"Watokee wewe," akasema. "Ni zamu yangu kuanza."

Akaketi, akamsukuma askari wa malkia hatua mbili. Mlangoni Sumeya alikuwa akimtazama, kaziba pua kwa leso. Jalila hakusikia harufu yoyote.