Maneno Aliyoyapeleka Kwenye Kamera

Bethwel Kipkemboi hakuwa na shahada, wala gari, wala kitanda kisicholalamika. Baba hakuwa naye. Nyumba hakuwa nayo, ila chumba cha kupanga karibu na Kipsongo, mjini Kitale. Hata machozi ya kwake mwenyewe hakuwa nayo. Ukimwambia lia, atalia kabla hujafunga kinywa. Lakini siku walipomzika mamake alisimama kaburini macho makavu kama ya mpita njia.

Kipaji, hicho alikuwa nacho tele. Alizunguka na kundi la maigizo lililocheza vitabu vya mtihani katika shule za upili, Webuye leo, Malakisi kesho. Katika onyesho moja angekuwa chifu, mwizi, na ajuza mwenye meno mawili, na wanafunzi wasijue ni mtu yule yule.

Ajuza ndiye aliyemkutanisha na Nasike. Ilikuwa siku ya soko Kitale, kwenye mitumba, wachuuzi wakipiga makofi na kuita bei. Bethwel alichomoa gauni la maua ya zambarau, akalipima kifuani. Mkono mwingine ukalivuta.

"Wachia hapo, kaka. Hiyo nimeiona kwanza."

Alikuwa msichana mrefu, leso ya kijani imefungwa kiunoni, nywele zimesukwa kurudi nyuma.

"Samahani dada, lakini hii imenitosha."

"Ati imekutosha wewe? Si useme tu ni ya bibi yako."

"Bibi sina. Mimi ndiye nyanya." Akapinda mgongo, kidevu kikatetemeka. "Mjukuu wangu, unaninyang'anya nguo na baridi hii?"

Nasike alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la mashati. "Wewe ni mwendawazimu, bana. Chukua, nyanya."

Bethwel alichukua gauni, akachukua na namba ya simu. Nasike alikuwa na duka la nguo Bungoma, na kila akifunga duka simu ililia.

"Sasa, nyanya?"

"Salama, mjukuu. Umekula?"

"Nimekula. Leo ulikuwa nani?"

"Mchungaji. Kesho ni maiti."

"Basi kesho usinipigie."

Siku moja ya mvua alimtembelea dukani. Nasike akamtazama alivyokaa, mlango uko nyuma yake.

"Mbona leo umekaa hivyo? Kila hoteli tukiingia, wewe ni kutafuta kiti kinachoangalia mlango."

"Kwetu mlimani, nikiwa mdogo, kuna wakati tulilala tumevaa viatu, tayari kukimbia. Tangu hapo sijawahi kuupa mlango mgongo. Kwako naupa."

Nasike hakucheka. Alimshika mkono wa shati, akaushikilia mpaka mvua ikaisha.

Kisha kazi ya televisheni ikaja. Kwenye kipindi kile hakukuwa na maneno yaliyoandikwa. Mwelekezi, jina lake Kagwe, alisimulia kisa kwa ufupi, kila mwigizaji akajaza mwenyewe.

"Hapa unamtongoza Judy," Kagwe alisema, akimwonyesha mwigizaji mwenzake. "Toa kitu cha kuchoma moyo. Haya, twende!"

Bethwel alifungua kinywa, kikatoa kilichokuwa karibu: viatu, mlango, mgongo, na "kwako naupa". Kagwe alipiga makofi. Bethwel hakusikia chochote moyoni. Akauliza kama chai ipo.

Siku ya kipindi, Nasike aliwasha televisheni dukani, akawaita wateja. "Njooni muone mtu wangu!" Wakaja, wakaona, wakasikia.

"Una bahati wewe!" wakashangilia. "Huyo anajua kutongoza!"

Nasike akaizima.

"Uliniona?" Bethwel aliuliza kwa simu.

"Nilikuona. Na viatu vyako nikaviona."

"Nasike, ile ilikuwa kazi."

"Na mimi nilikuwa mazoezi?"

"Hapana, mpenzi..."

"Usiniite hivyo na hiyo sauti. Hiyo sasa ni ya kila mtu. Wateja wamepiga makofi, Bethwel, kwa kitu ambacho hata mama sijamwambia."

Simu ikakatwa. Bethwel alingoja maumivu, hayakuja. Alipika ugali akala, akafua shati. Kesho yake alikuwa chifu huko Malakisi, na alikuwa chifu mzuri.

Alikwenda Bungoma kuomba msamaha, akasimama mbele ya Nasike akalia. Nasike aliyatazama machozi kama anayepima kitambaa.

"Hayo ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Nitajuaje?"

Bethwel mwenyewe hakujua.

Alipanda mlimani kwa baba yake mdogo, akamweleza yote. Mzee alimsikiliza huku akipukuchua mahindi.

"Unampenda?"

"Nataka kumwoa."

"Basi unalia kwake kwa nini? Twende kwao. Na wewe huko husemi. Kwenye posa kijana akifungua mdomo, wazee huona hana watu. Mimi nitasema. Wewe utakaa."

Bethwel akaona kwamba maisha yake yote hajawahi kupewa nafasi kama hiyo, ya kukaa tu bila neno. Aliporudi Kitale alinunua karatasi, akaandika:

*Nasike, sina neno zuri la kukupa. Nililokuwa nalo nililipeleka kwenye kamera, na hilo ni kosa langu. Jumamosi baba mdogo atakuja kwa baba yako. Mimi nitakaa nyuma yake, kimya. Wazee watakuita, wakuulize mbele ya watu kama wageni hawa unawajua. Ukisema hutujui, tutakunywa chai, tutarudi, na sitakusumbua tena. Sijui kama ninaumia. Najua nitakuja.*

Kwenye ofisi ya vifurushi, dada wa dirishani alimkodolea macho.

"Si wewe ndiye wa televisheni? Hebu sema kitu, basi!"

Bethwel alitabasamu tu. Alilamba gundi, akaibana bahasha kwa kidole gumba mpaka ikashika, akaisukuma chini ya kioo. Dada akaisoma anwani, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia la Bungoma.