Saa Iliyolia Juu ya Kaunta

“Sasa hii inapima moyo wa nani?” Rahma aliuliza pale dukani.

Rafiki yangu huyo alikuwa amekwenda Singida mjini kutafuta saa ya mazoezi, ile inayolia kwa kufuata mapigo ya moyo wa aliyeivaa. Daktari alimwambia mazoezi ndiyo dawa yake, ila mapigo ya moyo yakizidi, atakufa. Umeme ulikuwa umekatika, duka giza. Kila saa aliyovaa ilinyamaza. Mkononi kwa muuzaji, Mansuri, ileile ikalia.

“Dada, moyo umemwachia nani?” Mansuri akacheka. Kejeli gani hiyo kwa mgonjwa!

“Nipe nyingine, kaka, nakusihi.”

Nayo ikanyamaza. Akaivua, akaiweka kwenye kaunta. Ikaanza kulia yenyewe: ti, ti, ti. Hapo ndipo alipouliza swali lile. Kadiri alivyoogopa, ndivyo ilivyoharakisha. Rahma akajishika kifundo cha mkono, akatafuta mapigo, akatafuta, asiyapate.

Ukikutana naye, nakuomba, msalimie kwa mdomo tu. Usimpe mkono.