Vuta Juu, Usisukume

Kila asubuhi mwoka mikate aliwahi kamba ya nguo. Alianika nepi za mtoto kwanza. Katikati yake alificha vitambaa vyake mwenyewe.

Lakini mama mkwe ana macho. Alisimama mlangoni na mtoto begani.

"Mwanangu, mtoto ni huyu mmoja, au ulizaa mapacha nisiambiwe?"

Mwoka mikate akacheka. Mara akabana mapaja, na kicheko kikaishia hapo hapo. Mama mkwe aliona. Alingoja mpaka wakaingia ndani.

"Mkojo unakutoka?"

"Kidogo, mama. Nikikohoa. Nikicheka. Nikiinua ndoo."

"Pole. Sote tumepita huko, ndiyo kuzaa. Punguza maji, vumilia."

Akavumilia. Alipunguza maji, mdomo ukamkauka na choo kikawa kigumu. Mkojo haukuacha kutoka.

Kilichomnyima raha zaidi ni kazi. Kiwanda cha mikate kilimtaka arudi mwezi unaofuata. Kule watu husimama kutwa. Masinia ni mazito, na magunia ya unga ndiyo usiseme. Kazi ile aliipenda, na mkate wake ulijulikana. "Nikilowa mbele ya wenzangu, uso nitauweka wapi?" alijiuliza. Akaazimia kumwambia msimamizi kwamba harudi.

Kabla hajasema, wifi yake alikuja kumtembelea. Wifi ni msusi, na kwa msusi hakuna habari isiyofika.

"Kaka yangu fundi bomba," wifi alisema, "anaziba mabomba ya mji mzima, kumbe kwake kunavuja."

"Wifi, nitakupiga."

"Nipige, lakini sikiliza. Kuna mazoezi ya misuli ya huko chini. Mteja wangu mmoja yamemsaidia."

"Yanafanywaje?"

Wifi akakuna kichwa. "Unajikaza tu. Kwa nguvu."

Mwoka mikate akajikaza kwa bidii. Kila akikaa kunyonyesha, alizuia pumzi na kusukuma, kama siku ya kujifungua. Misuli ile haikuwahi kufundishwa kazi nyingine. Siku zikapita, hali ikazidi. Alihisi uzito chini, kama kitu kinataka kushuka. Nyonga zilimuuma akigeuka kitandani. Mumewe alipomsogelea, alimwambia, "Bado kunauma, baba watoto."

Mumewe hakumlazimisha. Alisema, "Tukaulize wanaojua. Hata bomba, ukilikaza bila kujua linavujia wapi, unalipasua."

Siku ya kliniki ikafika. Nesi alimpima mtoto uzito, akasema anaendelea vizuri. Akataka kumwita mwingine. Mwoka mikate hakuinuka.

"Nesi, na mimi nina shida."

Nesi akafunga mlango, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: una homa? Unatokwa na damu nyingi, au uchafu wenye harufu? Mkojo unatiririka wakati wote bila kukoma? Choo nacho kinakutoka? Kuna uvimbe unaotokeza ukeni?

"Hapana, nesi."

"Ingekuwa ndiyo, ungeonana na daktari sasa hivi. Nenda chumba cha mazoezi ya viungo. Umefanya vizuri kusema. Wengi hunyamaza miaka."

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Mama mkwe, aliyemsindikiza kliniki, aliingia pia, akiwa amembeba mtoto. Mtaalamu alichukua kitambaa cha mtoto, akakishika kwa pembe zake. Akamwambia mwoka mikate aweke chungwa katikati. Kitambaa kikabonyea.

"Chini ya nyonga zako kuna misuli iliyotandwa hivi. Inabeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Mimba imeilemea, kuzaa kumeivuta. Imechoka, lakini haijafa. Sasa naomba ruhusa nikupime. Ukisema acha, naacha."

Alivuta pazia, akampima taratibu.

"Fanya zoezi lako. Aha. Unasukuma chini. Unazidi kuilemea."

"Siku ya kuzaa niliambiwa nisukume."

"Siku ile ilikuwa sawa. Sasa vuta juu. Jifanye unazuia upepo usikutoke mbele za wakwe."

Nyuma ya pazia mama mkwe akaangua kicheko. "Hilo mbona tunalijua tangu utoto."

"Basi mnajua nusu," mtaalamu alijibu. "Vuta juu, huku unapumua kama kawaida. Hesabu pole pole mpaka tano. Kisha achia kabisa, upumzike muda ule ule. Ila wewe tutaanza na kuachia. Kwa maumivu, upande mmoja umejikaza kama ngumi. Ndiyo maana zoezi la mwenzako huenda lisikufae."

Alimwonyesha namna ya kulala na kupumua tumboni mpaka ngumi ile ifunguke. Akamwambia anywe maji ya kutosha. Asifanye zoezi akiwa anakojoa. Na kabla ya kuinua kitu, avute juu, kisha ainue huku akitoa pumzi.

Mama mkwe alimweka mtoto sawa begani. Kisha akauliza, akimtazama mtoto, "Na mtu wa umri wangu, ameshachelewa?"

"Hujachelewa, mama. Ukija naye tena, njoo kwa ajili yako pia."

Wakawa wanakwenda pamoja. Wifi akawaita wanafunzi wa darasa la kwanza. Fundi bomba alichukua kazi ya ndoo. Maumivu ya nyonga yalitangulia kupungua, hata yale ya chumbani. Mkojo ulichelewa kukoma. Wiki nyingine alikata tamaa, akaomba Mungu, akaendelea.

Kwa msimamizi alikwenda, lakini si kuaga. Alimweleza ukweli, akaomba aanze na meza ya kukata madonge ya unga. Msimamizi, naye mama wa watoto wanne, alisema, "Anza hapo. Masinia yatakungoja."

Yalimngoja miezi mitatu. Siku aliyoshika sinia la kwanza, alivuta juu, akatoa pumzi, akaliinua mpaka tanurini. Vumbi la unga likamwingia puani. Akapiga chafya, tena kubwa. Akasimama akisikiliza mwili wake.

Kukavu.

"Mbona umesimama, mkate unaungua?" mwenzake aliuliza.

"Namshukuru Mungu," akasema, akainama kuchukua sinia la pili.