Hedifoni za Muhsin

Kompyuta inayochagua watu, mmeiona wapi? Basi Kiwalani ilikuwepo, chumbani kwa Ibtisam, mjane mbichi aliyekuwa bado ndani ya eda. Ilikuwa ya marehemu mumewe Muhsin, kompyuta ya gemu, kubwa kama debe. Muhsin alikuwa na kigugumizi kikali. Hata jina la mkewe lilimshinda, "I-I-Ibti," na wenzake wa kwenye gemu wakimcheka mpaka basi.

Alipokufa kwa ajali ya bodaboda, mama yake, Bi Bahiya, alitaka mdogo wa marehemu aichukue ile kompyuta. Lakini kila aliyeketi kuitumia, punde tu kioo kiligeuka buluu, maandishi meupe yakatokea, ikazima.

Akaitwa fundi Valerian. Bi Bahiya akakaa mlangoni na tasbihi yake, maana mwenye eda haachwi na mwanamume wa nje. Fundi akabadilisha memori, akasafisha kadi ya picha, akapiga Windows upya. Akaibeba hadi kibandani kwake, ikashinda na gemu bila kukohoa. Alipoirudisha chumbani na kuiwasha, buluu.

"Dada, mie nimeshamaliza ufundi wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mashine nzima hii. Kinachoumwa ni hiki chumba." Akaondoka bila kumaliza chai.

Siri alikuwa nayo Ibtisam. Yeye haikumzimikia. Kila magharibi, udi ukinukia ilhali chetezo ni baridi, alijifungia, akavaa hedifoni, na ndani ya mvumo wa feni sauti ya Muhsin ikamwita, Ibtisam, mke wangu, umekula, naye akaitika, akasimulia siku yake yote, huku baridi ikimpanda kutoka vidoleni hadi mabegani, na kisogoni kitu kikimpumulia ambacho hakugeuka kukitazama, kwa kuwa hakutaka kuona, alitaka kusikia tu. Masikini mwanamke wa watu, alikuwa amebaki mifupa.

Bi Bahiya akamfuma. Hakugomba. Alimvua zile hedifoni, akazivaa mwenyewe, akasikiliza huku amefumba macho. Machozi yakamtoka.

"Huyu si mwanangu," akanong'ona. "Mwanangu hakuwahi kulitamka jina lako bila kukwama."

"Najua, mama. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Wakalia pamoja. Kisha Bi Bahiya akafukiza ubani, akasoma Ayatul Kursiy mpaka koo likamkauka. Akamwonya mkwewe kwamba jini hutoka kwa ulimi uliolikaribisha, na kwamba likimwita tena asiitike kabisa.

"Wewe si Muhsin," Ibtisam akaiambia kompyuta. "Toka."

Harufu ya udi ikakatika papo hapo.

Kompyuta ikapona. Shemeji yake alikuja akacheza kutwa nzima, haikuzima, akaahidi kuifuata kesho yake. Nyumba nzima ikamshukuru Mungu.

Magharibi ile Ibtisam akaketi mbele ya kompyuta, akavaa hedifoni. Feni tu. Akangoja. Feni tu. Moyo ukampasuka. Aliona Muhsin amekufa mara ya pili, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza, kwa mdomo wake.

"Rudi," akanong'ona. "Hata kama si yeye."

Kioo kikageuka buluu mbele yake kwa mara ya kwanza, kisha kikazima, na feni zikanyamaza. Udi ukanukia. Ndani ya hedifoni sauti ikaita polepole, kwa taabu, ikikwama palepale alipokuwa akikwama marehemu.

"I-I-Ibti."

"Abee," akaitika.