Kisu Hakirudishwi Wazi

Nilikuwa nimeshashusha mlango wa karakana nusu, nataka kwenda kumpashia Baba uji wake, nilipoona miguu ya mwanamke imesimama nje. Viatu vyake vilikuwa safi, ilhali barabara nzima ilikuwa matope tangu asubuhi. Mtu mwenye akili zake angemwambia arudi kesho. Lakini mimi mtaani wananiita Kasuku. Sijui kumwacha mtu apite bila kumsemesha.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikainua mlango.

Akaingia.

Aliweka kisu juu ya meza yangu. Kilikuwa kisu cha kukunja, cha zamani, mpini wa pembe, kimeng'ang'aniwa na kutu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kimekuwa kigumu, hakifunguki wala hakifungiki sawasawa, na kwamba angesubiri hapo hapo.

Karakana ni ya Baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kunoa visu na mikasi, tena kwa kunigombeza, maana nilikuwa napiga domo kuliko kufanya kazi. Kisha jioni moja ya msimu wa mvua alinyanyuka kwenye meza hii hii, akaingia chumba cha ndani, na mdomo wake haukufunguka tena. Meno yaliumana. Uji tulimpitishia kwa mrija kwenye pengo la jino. Hospitali walipiga picha, wakasema taya ni zima. Majirani wakasema amefungwa. Mimi nilisema mengi, kama kawaida yangu, lakini nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kuisikia tena sauti yake ikinigombeza.

Nikavuta taa karibu, nikainama. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimelegea, nywele zikaniangukia usoni. Nilikipiga kisu mswaki kwa maji ya moto na sabuni, nikakikausha, nikachokonoa kwenye pini, pale ubapa unapoungana na mpini, kwa kijiti chenye pamba. Uchafu ulitoka mweusi. Harufu ikapanda...

Harufu ya nywele zilizoungua.

Niliufungua ubapa kidogo. *Krrr*. Na nyuma ya pazia, chumbani kwa Baba, kitu kikakwaruza vilevile. *Krrr*.

Nikatulia. Kule ndani nako kukatulia.

Nikafungua tena. Baba akaguna. Tangu mvua zile hakuwahi hata kuguna. Yule mwanamke hakugeuza hata shingo.

Kijiti kilinasa kitu kwenye pini. Nikakivuta taratibu. Ni nywele, fupi, nyeupe, zimejiviringa. Ndevu. Na ndevu zile ni za Baba, mimi ndiye ninayezinyoa kila wiki.

Nikainua macho. Nilikuwa na maswali ya kumtosha mtu mwaka mzima, lakini yeye akaniwahi.

"Endelea," akanong'ona. "Tia mafuta mpaka yatoke safi."

Maneno hayo ni ya Baba. Kisu kikitiwa mafuta mapya, alikuwa akisema, usikifunge kabisa. Kichezeshe nusu nusu, ufute, utie tone jingine, mpaka mafuta yatoke safi. Hapo ndipo unakifunga, mara moja, unamkabidhi mwenyewe. Kisu hakirudishwi wazi. Alinipiga vidole kwa rula nilipokuwa mdogo, mpaka jambo hilo likahama kichwani likaingia mkononi.

Basi nikatia tone la mafuta ya cherehani. Nikachezesha, nikafuta. Nikatia jingine. Kadiri ubapa ulivyozidi kulainika, kule ndani nako pumzi ilizidi kufunguka. Niliogopa, sikatai, lakini sikuacha. Ningeachaje? Kitambaa kilitoka na mafuta meusi, halafu ya kahawia, halafu safi.

"Mwanangu."

Ilikuwa sauti yake. Ya kukwaruza, ya kiu, lakini yake. Furaha ilinijaa kifuani, nikageuza uso kwenye pazia.

"Mwanangu, usikifunge hicho kisu..."

Mkono wangu haukuwa unamsikiliza. Mkono wangu ulikuwa umemaliza kazi.

*Tak.*

Nilisikia mchomo mdogo utosini, kama unywele ung'olewapo. Mwanamke akakichukua kisu kilichofungwa. Kwenye pini, penye mwanga wa taa, palikuwa na uzi mweusi mrefu.

"Sasa kinafunga vizuri," akasema. "Baba yako naye alikisafisha hivi hivi."

Akainama chini ya mlango, akaenda zake.

Baba alitoka ameshika pazia, analia. Akaniuliza kama nimekifunga. Nilitaka kumwambia kila kitu, yule nani, anataka nini, na kabla ya Baba alimfunga nani. Meno hayakuachana. Naandika haya kwa sababu hakuna njia nyingine.

Siku hizi Baba ndiye anayeongea. Anasema hamjui yule mwanamke, na mwenyewe hajui ndevu zake zilinaswa vipi. Kila jioni anakaa mezani, mlango wazi, kopo la mafuta kando, anamngoja arudi. Ananiambia nisihofu. Atakisafisha kile kisu, atautoa unywele wangu, na safari hii atakiacha wazi, hata kama itabidi avunje vidole vyake mwenyewe.

Jana alikuwa ananiambia hivyo hivyo huku akimalizia kisu cha kukunja cha jirani yetu mwenye bucha. Alikuwa ananitazama mimi machoni, kwa huruma. Kisu hakukitazama kabisa.

Akafuta mafuta, na kidole gumba chake kikasukuma ubapa.

*Tak.*

Mazoea yana taabu. Baba hata hakusikia. Mimi nilisikia, na sikuweza kumwambia.