Huruma Iliyomfungia Kasyoka Nyumbani

Kila Jumanne asubuhi, wanawake wa mwethya walipita karibu na nyumba ya Kasyoka wakiwa na majembe begani. Mwethya ni kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi ya shamba. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na halipwi mtu. Huku Kathonzweni mvua ni ya kubahatisha. Asiye na mwethya, mitaro ya kukinga maji shambani kwake ataichimba mpaka azeeke.

Kasyoka aliwatazama kupitia dirisha. Walikuwa wanacheka na kutaniana. Walipofika mlangoni kwake, wakanyamaza.

"Mama Ndanu, wewe pumzika tu," mmoja alisema kwa sauti ya matanga. "Tutachimba na sehemu yako."

Wakapita.

Mwaka uliopita Kasyoka aliugua akili. Alisikia sauti za watu wasiokuwepo. Alikaa siku tano bila usingizi, kisha akatoka mbio mpaka barabarani. Munyao, mume wake, alimpeleka hospitali, naye akalazwa wiki tatu. Alirudi na nafuu, na vidonge vya kumeza kila jioni. Ungedhani shida imeisha. Wapi! Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Watu wake hawakumtukana. Afadhali wangemtukana, angewajibu. Walimhurumia. Mama mkwe alificha kisu, akawa anakata sukuma wiki mwenyewe. Ndanu, binti yake wa miaka sita, alihamishiwa kulala kwa nyanya yake. Jembe lake lilifungiwa stoo. Hakuna aliyemuuliza habari za kanisa wala bei ya ndengu. Kutwa nzima swali lilikuwa moja: "Umekunywa dawa?"

Nyumba ilijaa watu, na yeye yuko peke yake. Upweke huo unauma, nakwambia.

Mwishowe Kasyoka aliona kwamba vidonge ndivyo vinavyomfanya aitwe mgonjwa. Tena vilimlaza mpaka saa nne asubuhi, na mikono ilimtetemeka. Akaanza kuvibana chini ya ulimi, kisha anavitema chooni. Siku ya nane usingizi ulipotea. Siku ya tisa, akiwa anafua nguo, alisikia sauti ikimwita kwa jina. Aligeuka. Hakukuwa na mtu.

Aliogopa sana. Lakini amwambie nani? Akisema, si watamfungia ndani kabisa?

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Munyao alimsindikiza. Walipokuwa wakingoja kwenye benchi, mwanamke mmoja wa makamo alikuja akaketi nao.

"Naitwa Muthoki," alisema. "Mimi si nesi wala daktari. Mimi ni msaidizi rika."

"Rika la nani?" Kasyoka aliuliza. "Wewe umenizidi."

Muthoki alicheka. "Kwa miaka mimi ni shangazi yako. Rika letu ni la ugonjwa. Niliugua kama wewe, nikapata nafuu, nikafunzwa kazi hii. Sasa natembea na wenzangu. Unaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri," Munyao alijibu haraka. "Dawa anakunywa."

"Baba, nimemuuliza yeye. Tafadhali tuachie benchi kidogo."

Munyao aliondoka akikuna kichwa.

"Zamani mimi dawa zangu nilikuwa natupa kwa choo," Muthoki alisema polepole. "Wewe zako unapeleka wapi?"

Kasyoka alimkodolea macho. Machozi yakaanza kumtoka. "Choo," alisema. "Siku tisa sasa. Na sauti imerudi. Moja."

"Inakuambia ujiumize? Ama uumize mtu?"

"Hapana. Inaniita tu."

"Asante kwa kuniambia. Siri zako sipeleki sokoni. Lakini maisha yakiwa hatarini, sitanyamaza. Hilo nakwambia mapema. Sasa twende tumwambie nesi. Utasema wewe. Mimi nitakaa kando yako."

"Atanigombeza!"

"Hata mimi niliogopa hivyo. Nikaacha dawa kimyakimya, nikalazwa tena miezi miwili. Dawa ikikusumbua, usiiache. Sema, wakutafutie nyingine."

Nesi hakugomba. Alimsikiliza, akamwita daktari, na dawa ikabadilishwa. Kasyoka aliambiwa arudi baada ya wiki moja.

Jumapili, kwa ruhusa ya Kasyoka mwenyewe, Muthoki alifika nyumbani. Aliketi na Munyao, na mama mkwe, na Syokau, mwenyekiti wa mwethya, akawaambia kwamba Kasyoka anajiona ametengwa.

"Lakini sisi tumemhurumia!" Syokau alilalamika. "Hata tunamchimbia!"

"Kuna mtu alimuuliza kama anataka?"

Syokau akamtazama Munyao.

"Na akianza tena huko shambani?" mama mkwe aliuliza. "Na jembe mkononi?"

"Mwaitu, mama yangu, wengi wetu hatumdhuru mtu," Muthoki alijibu. "Na ugonjwa ukirudi huwa una dalili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muulizeni anayekilalia."

Wote wakamgeukia Kasyoka. Alikunja leso yake, akaikunjua.

"Nikikosa usingizi siku mbili, nipelekeni kliniki," alisema. "Msingoje mpaka nikimbie. Lakini siku zingine..." Alimtazama Syokau. "Siku zingine niiteni shambani. Nimechoka kukaa peke yangu."

Munyao aliinamisha kichwa. "Niliogopa," alisema. "Niliona nikikuongelesha sana nitakuvuruga."

Mwezi mmoja ulipita. Sauti ilikuwa imenyamaza, na Ndanu alikuwa amerudi kulala nyumbani. Jumanne moja Kasyoka alichukua jembe lake, lisilofungiwa stoo tena, akaenda shambani kwa kina Musembi, waliokuwa na zamu wiki hiyo. Alichelewa. Wanawake walikuwa wamechimba nusu saa nzima. Walipomwona, majembe yakasimama.

Sheria ya mwethya inajulikana: anayechelewa anaongezewa hatua tano za mtaro.

"Huyo mwacheni, maskini," mmoja alinong'ona.

Syokau hakumsikiliza. Alipima ardhi kwa miguu yake, moja mpaka tano, akachora mstari.

"Kuchelewa ni kuchelewa, Mama Ndanu. Na uchimbe vizuri, usituachie shimo la kuku kuogea vumbi."

Wawili watatu walisogea mbali naye kidogo. Kasyoka aliwaona, na ilimuuma. Hata hivyo alishika jembe, akautazama ule mstari.

"Hatua tano?" alipaza sauti. "Aii, hiyo ni nyingi!"

"Si uamke mapema Jumanne ijayo!" wakamjibu.